Kusimama kwa Mikanda

Kihara hakupoteza masikio. Alipoteza nguvu za miguu na hisia zote kuanzia kitovuni kwenda chini, lakini aliendelea kusikia vizuri, na hilo ndilo lililomkasirisha kila siku kwa miaka mitatu. Watu walimzungumzia mbele yake kama kabati linalosubiri kuhamishwa. Mgeni angeingia nyumbani kwa dada yake Shiru, kule Mutuini, akitazame kiti cha magurudumu, kisha amgeukie Shiru na kuuliza, "Yeye hunywa chai na sukari?"

"Niulize mimi," Kihara angesema.

Mgeni angecheka kidogo kwa aibu, apewe jibu, na swali lililofuata amwulize Shiru tena.

Kihara alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amechora na kutundika mabango River Road, jijini Nairobi, ya maduka ya vipuri, vinyozi, nyumba za wageni za bei nafuu, na alijulikana kwa herufi zake nyekundu zenye kivuli cha njano. Siku ya ajali alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya pili akifunga bango la duka la vifaa vya umeme. Aliegemea reli. Reli ilikuwa imeliwa na kutu chini ya rangi mpya, ikang'oka, na yeye akaenda nayo hadi barabarani. Hospitalini daktari alimweleza kwamba mfupa wa mgongo ulivunjika ukabana uti wa mgongo, na kwamba kilichoharibika mle ndani hakishoneki. Wiki mbili baadaye Okinyi, mchapishaji kadi aliyekuwa na kibanda jirani na chake, alikuja kumtazama. Alimwambia kwamba mwenye jengo ameirudisha reli ileile ya zamani na kuipaka rangi.

"Rangi gani?" Kihara aliuliza.

"Buluu."

Sijui kwa nini aliuliza. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kuona rangi ya buluu iliyopakwa juu ya chuma bila taya zake kukaza.

Ndoa yake ilikuwa imevunjika kabla ya ajali. Binti yake, Shiko, aliishi na mamake, Kavutha, mjini Kikuyu. Kwa hivyo ni Shiru aliyemchukua. Shiru alikuwa dada mkubwa, mjane, mwenye ng'ombe mmoja na kishamba cha sukumawiki nyuma ya nyumba. Ndiye aliyejifunza kumgeuza kitandani ili ngozi isioze, kubadilisha mpira wa mkojo, kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa kumkumbatia kifuani na kumzungusha. Mgongo wake mwenyewe ulianza kumuuma. Hakulalamika, na kutolalamika kwake kulimkasirisha Kihara vilevile.

Muuguzi aliyekuwa akisafisha kidonda kilichomtoka makalioni kwa kukaa muda mrefu ndiye aliyewatajia Manjit, mama mmoja wa Muthangari aliyefundisha yoga kwa watu walioumia mgongo.

"Yoga," Kihara alisema. "Mimi nikunje miguu gani?"

Pasta Waithaka, mchungaji wao, alipopata habari alikuja mwenyewe nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akamwambia Shiru kwamba mambo hayo ni ibada ya miungu mingine na yangefungulia nyumba mlango mbaya. Hakumwambia Kihara. Alimwambia Shiru, na Kihara yuko hatua mbili kutoka kwake. Pasta alipoondoka, Kihara alisema, "Mpigie Muchiri simu. Aje na gari. Tunaenda kesho."

Nadhani asingeenda kama Pasta asingemkataza.

Muchiri, jirani yao mwenye Probox, aliwapeleka. Manjit alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, mwenye msuko mmoja wa mvi na mikono mikubwa ya mtu aliyebeba wagonjwa. Alizaliwa Nairobi, akafanya kazi ya kuwanyoosha wagonjwa viungo hospitalini kwa miaka thelathini, na alipostaafu aligeuza gereji ya nyumba yake kuwa chumba cha mazoezi. Hakukuwa na ngazi yoyote ya kupanda. Ukutani palikuwa na mbao za mlalo kutoka chini hadi juu, na mikanda imening'inia.

Alivuta kigoda akaketi mbele ya Kihara.

"Ulianguka lini? Kidonda kiko upande gani? Choo unaenda vipi?"

Kihara alingoja amgeukie Shiru. Hakumgeukia. Badala yake alimwomba Shiru akakae nje kwenye benchi.

"Sitakuambia utatembea," Manjit alisema.

"Sijakuuliza."

"Kila mtu huuliza. Wengine kwa mdomo, wengine wananiangalia vile unaniangalia sasa."

Mazoezi ya kwanza yalimtia aibu. Alidhani angeinua vitu vizito, kumbe alitakiwa kuketi tu. Aliwekwa kwenye ukingo wa benchi pana, mikono mapajani, Manjit akiwa nyuma yake, na akaambiwa avute pumzi mpaka mbavu zipanuke pembeni. Alipoinua mkono mmoja, kiwiliwili kilianguka mbele kama gunia la unga. Manjit alimdaka, akamrudisha. Akaanguka tena. Saa nzima ikaisha hivyo. Kisha alilazwa kifudifudi juu ya mito, dakika ishirini, kwa sababu nyonga zilikuwa zimejifunga kwa miaka mitatu ya kukaa. Pale chini, shavu likiwa kwenye blanketi, machozi yalimtoka, na alimchukia yule mama kwa kuyaona.

Wiki ya tatu Manjit alisema, "Sasa vuta pumzi, iache ishuke polepole mpaka kwenye nyayo."

"Nyayo gani?" Kihara alifungua macho. "Mimi sina nyayo. Nina vitu viwili huko chini ninavyovivalisha soksi. Usiniambie maneno ya watu wenye miguu."

Miguu yenyewe ikaanza kukakamaa na kurukaruka, kama ilivyofanya kila alipokasirika, na akaanza kuteleza kutoka kwenye benchi. Manjit alimshika chini ya kwapa mpaka ikatulia.

"Ni kweli," alisema. "Nilisema kwa mazoea. Hisia zako zinaishia wapi?"

"Kitovuni."

"Basi ishuke mpaka kitovuni."

Kihara aliuliza kama sasa angeambiwa aache hasira, maana aliwahi kuona kwenye simu watu wa yoga wakisema hivyo, wakiwa wameketi ufukweni na tabasamu.

"Hasira ni yako," Manjit alisema. "Shida yangu ni moja. Ukikasirika unakata pumzi, ukikata pumzi miguu inakakamaa, ikikakamaa unaanguka. Kasirika ukiwa unapumua."

Hilo aliweza kulifanya. Alienda kila Jumanne na kila Ijumaa. Alijifunza kukasirika huku mbavu zikipanuka. Alijifunza kuinama mbele mpaka kifua kikaguse mapaja na kurudi juu bila kushikwa, kujizungusha huku ameshika mkono wa kiti, kuutikisa mguu unaokakamaa kwa mkanda hadi ulegee. Kidonda kilifunga. Mwezi wa nne, asubuhi moja, aliweka ubao kati ya kitanda na kiti, akaegemea mbele kama alivyofundishwa, akasukuma kwa mikono, akateleza hadi kwenye kiti peke yake. Ilimchukua karibu nusu saa, na shati lililoa jasho. Shiru alipoamka alimkuta jikoni akijaribu kuwasha jiko. Alikaa kwenye stuli, akajifunika uso kwa leso yake.

Ningependa hadithi iishie hapo, na Kihara pia angependa. Lakini Ijumaa moja, mwezi wa sita, Manjit alisema wangejaribu kumsimamisha.

"Si kutembea," alisema. "Mifupa inataka uzito, la sivyo inakuwa myepesi kama mabua. Na damu inataka kuzunguka. Ni hivyo tu."

Shiru na Muchiri waliitwa ndani kusaidia. Walimvalisha vyuma vya kushikilia magoti, chini ya suruali ili visimkwaruze. Walimwinua watatu, wakamwegemeza kwenye zile mbao za ukutani, kisha Manjit akafunga mikanda mitatu: mmoja kwenye vifundo vya miguu, mmoja nyuma ya magoti, mmoja mpana kiunoni chini ya sweta. Halafu wakamwachia. Kihara alishika ubao uliokuwa usawa wa kifua chake, akapumua.

Kulikuwa na dirisha dogo pale ukutani. Kwa miezi sita alikuwa ameona anga tu kupitia hapo. Sasa aliona bustani ya jirani, kamba ya nguo, mwanamke akianika mashuka. Kichwa kilizunguka kidogo. Hakuwa na furaha hasa. Ilikuwa kama mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyowahi kuishi akakuta watu wengine wanaishi humo.

Aligeuka akamwona Shiru ameinua simu.

"Hiyo usitume popote," alimwambia.

"Ni yangu tu, Baba Shiko. Ya kumbukumbu."

"Usitume."

"Nimesikia."

Jumatano iliyofuata simu ya Kihara haikunyamaza. Wa kwanza alikuwa Okinyi kutoka River Road. "Kumbe umesimama, na hatuambiani? Kibanda chako bado kiko. Rudi, mkubwa." Kihara hakuelewa. Akafuata binamu kutoka Kiambu, akalia kwenye simu. Jioni kikundi cha akina mama wa kanisa kilifika na mikate na soda, wakaimba uani, na walipomkuta kwenye kiti walitazamana. Mmoja alimwuliza Shiru kama kaka yake amechoka leo.

Ndipo Kihara alipoiona. Video ya sekunde kumi na tisa. Shiru alikuwa amemchukua kuanzia magotini kwenda juu, suruali na sweta vikificha kila kitu, na yeye amesimama wima, anatazama dirishani kama mtu anayesubiri gari. Chini yake Shiru aliandika: *Mungu ametenda. Kaka yangu amesimama.* Aliituma kwenye kikundi kimoja tu cha kanisa. Pasta Waithaka, yuleyule wa mlango mbaya, aliisambaza kwa vingine vyote, akaongeza kwamba Jumapili ndugu Kihara atatoa ushuhuda.

Kihara hakumpigia Shiru kelele siku hiyo.

Jumamosi asubuhi Kavutha alimleta Shiko, akamwacha langoni. Shiko alikuwa na miaka kumi. Aliingia mbio, akasimama katikati ya sebule akihema.

"Baba, nilionyesha darasa lote."

"Uliwaonyesha nini?"

"Video. Mama alinipa simu niende nayo. Na nilimwambia Mwalimu utakuja siku ya michezo. Kuna mbio za wazazi. Nimeandikisha jina lako." Alikuwa akiongea haraka, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Simama basi nione."

Kihara alishika magurudumu kwa mikono yote miwili.

"Shiko, kuja hapa."

"Simama kwanza."

"Siwezi kusimama."

"Kidogo tu. Kama kwa video."

"Siwezi, mama. Hata kidogo."

Uso wa mtoto ulibadilika. Haukuwa uso wa huzuni. Ulikuwa wa mtu aliyeonewa.

"Kwa nini kwa mwalimu wako unasimama na kwangu hutaki?"

Kihara alimweleza. Alimwonyesha kwa mkono mahali mikanda ilipopita, kifundoni, gotini, kiunoni. Akamweleza kwamba watu watatu walimwinua, kwamba angefunguliwa angeanguka kama nguo. Alimwambia ni mazoezi mazuri, ya mifupa, lakini si kusimama kule anakokufikiria. Shiko alisikiliza mpaka mwisho akitazama sakafu.

"Kwa hivyo nimedanganya darasa," alisema.

"Hujadanganya. Ulidanganywa."

"Watasema nimedanganya." Alitoa simu ndogo ya mamake mfukoni, akaifungua, akampa. "Na iko hata hapa. Si ya kanisa pekee."

Ulikuwa ukurasa wa Manjit. Video ileile, sekunde zilezile. Jina la Kihara halikuwepo, ila maneno mafupi: *Mwanafunzi wetu, miaka mitatu baada ya kuumia uti wa mgongo.* Watu mia nne walikuwa wameipenda.

Kihara aliirudisha simu. Alimwomba Shiko aende nje akamtazame ndama. Kisha alijisukuma hadi jikoni.

Shiru alikuwa akikata sukumawiki.

"Mtoto wangu ameniambia nisimame," Kihara alisema. "Amesimama pale mbele yangu akaniambia nisimame. Unajua mimi nimemjibu nini?"

Shiru aliweka kisu chini.

"Nilikwambia usitume. Ukasema umesikia. Na huyo Manjit, ulimpa pia?"

"Aliniomba. Nilidhani mmeongea." Alifuta mikono kwenye leso. "Na hao wa kanisa, niliwatumia, ndiyo. Nilifanya makosa."

"Makosa ni kumwaga maziwa. Wewe ulichukua mwili wangu ukaupeleka kanisani bila mimi."

"Na mimi wamenipeleka wapi?" Shiru alisema. "Miaka mitatu. Unajua wananiuliza nini? Kwamba ni dhambi gani iko katika hii nyumba. Kwamba mume wangu, Baba Nduta, alikufa, halafu wewe ukaanguka, basi kuna kitu nimeficha. Pasta mwenyewe aliniambia nifunge siku arobaini nitafute. Nikafunga, Kihara. Nikiwa nakugeuza kitandani nimefunga. Nilitaka siku moja tu waniangalie kama mtu ambaye nyumba yake haina laana."

Hakuwa amewahi kumwambia. Kihara alitazama mikono yake mwenyewe. Hasira haikuondoka, iligawanyika, sehemu kubwa ikaelekea kwingine, na ile iliyobaki kwa Shiru ilikuwa nzito kwa sababu haikuwa na pa kukaa vizuri.

"Kesho tunaenda kanisani," alisema hatimaye.

"Si lazima. Nitampigia Pasta."

"Tunaenda."

Kanisa lilikuwa la mabati, jipya, na madhabahu iliinuka ngazi tatu kutoka sakafuni. Lilijaa. Wimbo ulipoisha Pasta Waithaka alisema kuna ndugu yetu, mmemwona kwenye simu zenu, na leo mtamsikia. Vijana wanne wenye makoti wakaja kushika kiti wamwinue hadi juu.

"Msinishike," Kihara alisema. "Nipeni maikrofoni hapa."

Walimtazama Pasta. Pasta akatikisa kichwa kukubali, akashuka mwenyewe, akampa.

Kihara alivuta pumzi mpaka kitovuni, mbavu zikapanuka.

"Video mliyoiona, yule ni mimi," alisema. "Lakini nilikuwa nimefungwa. Mikanda mitatu, na vyuma kwenye magoti. Hamkuiona kwa sababu ilifichwa. Sisimami. Sitembei. Hakuna daktari aliyeniambia nitatembea. Sisemi Mungu hawezi. Nasema hajafanya, na ninyi mmemshukuru kwa kitu ambacho hajafanya, bila kuniuliza mimi niliye hapa."

Mtoto alilia nyuma, akatolewa.

"Kilichotendeka ni hiki. Nilifundishwa kukaa. Nilifundishwa kujitoa kitandani. Ilichukua miezi minne, na aliyenifundisha ni yule mama mliyesema ni mlango mbaya. Hilo hakuna aliyelileta hapa kama ushuhuda, kwa sababu nikiwa nimekaa hamnioni." Aligeuza kiti kidogo ili amtazame Pasta. "Na dada yangu hana dhambi iliyonivunja mgongo. Iliyonivunja ni reli yenye kutu. Asiambiwe tena afunge kwa ajili yangu."

Pasta alinyoosha mkono achukue maikrofoni. Kihara hakuitoa.

"Amina, amina," Pasta alisema kwa sauti ya kawaida yenye nguvu. "Kanisa, mnasikia uchungu alio nao ndugu yetu. Tuinue mikono, roho ya uchungu imtoke."

Mikono ikaanza kuinuka.

"Uchungu ni wangu," Kihara alisema kwenye maikrofoni. "Msiutoe."

Mikono mingine ilishuka, mingine ikabaki juu. Kihara aliiweka maikrofoni mapajani, akaizima, akaanza kujisukuma kuelekea mlangoni. Njia ya katikati ilikuwa nyembamba na zulia lilikunjika chini ya gurudumu la mbele, akakwama. Kijana mmoja alikimbia kusaidia, akasimama, akauliza, "Nisukume?" Kihara akasema ndiyo. Shiru alitoka nyuma yao akiwa amebeba mkoba wake na Biblia, kichwa kimeinuka, na hajarudi kanisa hilo tangu siku hiyo. Siku hizi husali na kikundi kingine kule Dagoretti. Baadhi ya majirani hawamsalimu. Wengine walimletea mbegu za viazi.

Jumatatu Kavutha alipiga simu. Alisema Shiko alisimama darasani kabla mwalimu hajaanza, akawaambia babake hasimami bila mikanda, na kwamba jina lake liondolewe kwenye mbio. Mvulana mmoja alicheka. Shiko alimpiga kwa kitabu.

"Nimwadhibu?" Kavutha aliuliza.

"Sijui," Kihara alisema. "Muulize kama kitabu kiko sawa."

Jumanne alimwambia Muchiri ampeleke Muthangari, peke yake. Manjit alikuwa ameshatandika blanketi.

"Leo sitashuka kwenye kiti," Kihara alisema. "Nimekuja kukuuliza. Uliniomba ruhusa?"

Manjit alielewa mara moja. "Niliondoa jina."

"Uliniomba?"

"Nilimwomba dada yako."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Manjit alikaa kwenye kigoda chake. Alianza kusema kwamba watu wengi walioumia hukaa ndani bila kujua kuna msaada, kwamba video moja inaweza kuwatoa. Kihara alimwacha amalize.

"Siku ya kwanza uliongea na mimi," alisema. "Mtu wa kwanza katika miaka mitatu. Ndiyo maana nilirudi. Si kwa sababu ya mikanda."

Mama yule aliinama akanyoosha kona ya blanketi.

"Niliweka kwa sababu nilijivunia," alisema.

"Ulijivunia nani?"

"Mimi mwenyewe." Alitoa simu, akaifuta video mbele yake, akamwonyesha. "Nisamehe. Nilikufanya tangazo langu."

"Nimesikia," Kihara alisema, na akamwita Muchiri.

Hakwenda tena kwa wiki tano. Alijaribu nyumbani, kitandani, kwa mkanda wa suruali. Lakini hakuweza kujilaza kifudifudi vizuri bila mtu, na nyonga zilianza kujifunga tena. Miguu ilirukaruka usiku kucha. Wiki ya nne alishindwa kujihamisha, akateleza kati ya ubao na kiti, akalala sakafuni mpaka Shiru aliporudi kutoka kukamua ng'ombe. Hakuna kitu kilichomkasirisha mwaka huo kama kugundua kwamba anamhitaji mtu ambaye bado hajamsamehe.

Alimpigia simu. Alimpa masharti kama mtu anayekodisha nyumba: hakuna simu ndani ya chumba, ya mwalimu wala ya mwingine. Mlango unafungwa. Kila anayeingia anamwomba yeye. Manjit alikubali yote, akamwuliza tu kidonda kiko vipi.

Shule zilipofungwa Shiko alikuja kukaa wiki mbili, na akamwomba Kihara aende naye mazoezini. Kihara alifikiri siku nzima kabla ya kukubali.

Manjit alimwonyesha mtoto jinsi ya kufunga mkanda wa kifundoni: usikaze sana, weka vidole viwili chini yake, kwa sababu baba hawezi kusikia ukimuumiza. Shiko alipima kwa vidole viwili, akapima tena. Muchiri, Shiru na Manjit walimwinua Kihara. Mikanda ikafungwa mmoja baada ya mwingine, yote Shiko akiiona, na safari hii vyuma vilikuwa juu ya suruali, wazi.

Walipomwachia, Shiko alirudi nyuma hadi kwenye mlango uliofungwa, akamtazama kuanzia chini hadi juu. Alikuwa na miaka saba mara ya mwisho alipomwona babake hivyo.

"Nilikuwa nafikiri wewe ni mrefu zaidi," alisema.

Kihara alianza kucheka. Kicheko kilimtikisa tumbo, miguu ikakakamaa na kutetemeka ndani ya mikanda, na Manjit akamkumbusha apumue. Alipumua. Shiko alisogea, akapiga magoti, akaangalia kama mkanda wa kifundoni umebana.

"Bado vidole viwili vinaingia," alisema.

"Basi niache hivi kidogo," Kihara alisema. "Dakika tano."

Shiko akaanza kuhesabu.